Uchambuzi: mshambuliaji wa sataranji mtandaoni aliyelelewa na drafti. Nguvu zake, staili yake na pa kurekebisha

Ngome_Igoma (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna kijana wa hapa Mwanza anacheza sataranji kwenye Lichess, tovuti ya sataranji, michezo ya dakika 10 bila nyongeza ya sekunde kwa kila hatua. Amekubali nipitie michezo yake 40 ya mwisho na niichambue hapa bila kumtaja, ili wengine waliotoka kwenye vijiwe vya drafti nao wafaidike. Alama zake za kiwango ni 1450 na amekwama hapo hapo. Herufi nitaziandika kama zinavyoonekana kwenye programu: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Alama ya x ni kula, + ni cheki (mfalme ametishiwa), na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya nyeusi.

Naanza na nguvu zake, maana ni kubwa. Akishaingia kwenye mfuatano wa hatua za kulazimisha (cheki, kula, cheki tena) hakosei. Anaona hatua tano sita mbele bila kutetereka, na haogopi kutoa kete. Hiyo ni drafti tupu. Kwenye drafti kula ni lazima, kwa hiyo mchezaji wa kijiweni anajifunza mapema kutega chambo: nakupa moja, huna budi kula, nami nachukua tatu. Wengi wa kiwango chake mtandaoni hawana jicho hilo. Wanaogopa kutoa hata askari mmoja.

Udhaifu wake nao umetoka kwenye shina hilo hilo. Kwenye sataranji hakuna anayelazimika kula. Kijana anapiga hesabu kana kwamba mpinzani lazima ale, na yeye mwenyewe akiona kete inalika, mkono umeshakwenda. Ukipanga michezo aliyopoteza, zaidi ya nusu inaangukia kwenye moja ya hayo mawili. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza, akiwa na nyeupe. Anacheza mfumo wa London: 1.d4 d5 2.Bf4 Nf6 3.e3 c5 4.c3 Nc6 5.Nd2 e6 6.Ngf3 Bd6. Maaskofu wanatazamana f4 na d6. Kila mara yeye anakula: 7.Bxd6 Qxd6. Angalia alichomfanyia mpinzani. Malkia mweusi ametoka nyumbani bila kupoteza hatua, na kutoka d6 anasaidia kusukuma e5, hatua ambayo nyeusi anaitaka kuliko zote hapo. Dawa ni 7.Bg3, kusubiri. Nyeusi akila, 7...Bxg3 8.hxg3, ngome ya h1 imefunguliwa njia ya h bila kusogea hata kidogo. Ongeza Bd3, sasa ngome na askofu wote wanaikodolea macho h7. Mshambuliaji kama huyu anaitamani sana nafasi ya namna hiyo, na anaitupa kwa kukosa subira ya hatua moja. Tahadhari: akipata njia hiyo asikimbilie kumficha mfalme upande wa kulia (O-O), maana ngome itaondoka h1 na kazi yote inapotea.

Mfano wa pili, akiwa na nyeusi. 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5, naye anarudisha papo hapo 5...Nxd5. Kwenye drafti usingekuwa na uchaguzi. Hapa ndiyo hatua mbaya, kwa sababu 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ na mfalme analazimika kupanda e6 kumlinda farasi wa d5. Kuna wanaonusurika pale, lakini si kwa dakika 10. Hatua sahihi ni 5...Na5, kumgusa askofu kwanza: 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 8.Be2 h6 9.Nf3 e4. Nyeusi amepungukiwa askari mmoja, lakini kete za nyeupe zinafukuzwa huku na huku, na kwa staili ya kijana huyu hiyo ni biashara nzuri. Asiyetaka kukariri hayo acheze 3...Bc5. Hapo 4.Ng5 inaliwa na malkia, kwisha.

Mfano wa tatu ni kafara ya h7, anayoipenda kupita kiasi: Bxh7+ Kxh7 Ng5+ kisha malkia h5. Kafara hii ina masharti. Askari wa nyeupe awe e5 ili farasi wa nyeusi asiwe f6. Malkia awe na njia ya kufika h5. Nyeusi asiwe na kete ya kurudi kulinda h7, kwa mfano farasi kurudi f6 au askofu kuingia f5. Na g5 iwe na ulinzi. Sharti hili la mwisho ndilo linalomwangusha. Askofu wake akiwa f4 au bado c1 akiwa na njia wazi mbele yake, g5 inalindwa. Akishamrudisha g3, hailindwi tena. Ng5+ inajibiwa na malkia wa d8 au askofu wa e7 kumla farasi, na kijana amepoteza askofu na farasi kwa askari mmoja.

Mpinzani pia anaweza asimle askofu, akaenda Kh8. Kijana hapo huwa anaendelea na Ng5 kama alivyopanga. Angerudi d3 tu: ana askari wa ziada na mfalme wa mwenzake yuko wazi. Akichelewa kurudi, g6 inamfungia askofu ndani.

Nawasilisha. Mwenye jicho zaidi aongeze.


KingiWaKirumba

Mkuu, uchambuzi mzuri. Ongeza jambo moja la drafti ambalo hukuligusa. Kete ya kawaida ya drafti haisogei nyuma, ni mbele tu mpaka iwe kingi. Kwa hiyo jicho la mtu wa drafti halizioni hatua za kurudi, zake na za mpinzani. Kwenye hiyo michezo angalia ni mara ngapi askofu au malkia wa mpinzani alirudi nyuma kulinda na kijana hakuwa amehesabu.

Zoezi lake ni rahisi. Akifika kwenye nafasi ngumu, kabla ya kutafuta hatua ya mbele, ataje kwa kila kete yake hatua moja ya nyuma, kisha afanye hivyo hivyo kwa kete za mpinzani. Inachukua sekunde 20 hivi. Baada ya wiki tatu nne jicho linazoea, hahitaji tena kutaja.

Ila naomba tusiilaumu drafti. Ile nguvu ya kuhesabu mfuatano uliolazimishwa ni hazina. Asiache kwenda kijiweni.


Ngome_Igoma

Mkuu KingiWaKirumba, sahihi kabisa. Nimerudi kuangalia: kwenye ile kafara ya h7, mara kadhaa kilichomuua ni farasi aliyerudi f8 kutoka d7 kulinda h7. Hiyo ni hatua ya nyuma. Na sijamwambia aache drafti, wala sitamwambia.


Nyegezi_64

Samahani wakuu, hiyo 1450 tusiipite haraka. Kuna watu hapa watailinganisha na namba zao za Chess.com na kukata tamaa au kuvimba kichwa bure. Lichess inatumia hesabu ya Glicko-2 na kila mgeni anaanzia 1500. Chess.com ina hesabu yake na kundi lake la wachezaji. Namba za sehemu mbili hazilingani, na kwa kawaida ya Lichess inasoma juu zaidi. Ukiona alama ya kuuliza pembeni ya namba, maana yake mfumo haujawa na uhakika na kiwango chako, cheza michezo zaidi ndipo uiamini.

Kwa anayetaka kipimo: kukiwa na tofauti ya alama 100, aliye juu anategemewa kupata kama pointi 64 katika michezo 100. Tofauti ya 200 ni kama 76. Kwa hiyo mtu wa 1450 kufungwa na wa 1350 mara mbili kwa siku si dalili ya kuporomoka. Ni jambo la kawaida.

Swali langu: saa yake inasemaje?


Ngome_Igoma

Saa yake inasikitisha, mkuu. Hatua 12 za kwanza anazimaliza ndani ya nusu dakika kwa kuwa amezikariri. Katikati anatumia dakika tatu, nne kwenye kafara moja. Kuanzia hatua ya 30 anacheza kwa sekunde, na hapo ndipo anapoacha ngome mdomoni mwa askofu.


Nyegezi_64

Basi tatizo la kwanza ni aina ya mchezo aliouchagua. Dakika 10 bila nyongeza, kwa hatua 40, ni sekunde 15 kwa hatua. Zikiisha, zimeisha. Ahamie dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5, au 15 na 10. Lichess inapanga aina za michezo kwa kuchukua muda wa kuanzia na kujumlisha nyongeza mara 40. Hiyo 10 na 5 ni sekunde 600 na 200, jumla 800. 15 na 10 ni sekunde 1300. Zote bado ziko kundi lile lile la mchezo wa haraka wa kati, hivyo alama zake haziguswi na kubadilisha. Faida ya nyongeza ni kwamba hata ukibaki na sekunde 8 kwenye kete chache, unaweza kumaliza mchezo ulioshinda badala ya kuangushwa na saa.

Vituo vya kuangalia saa, kwa dakika 10 na 5: hatua ya 10 abaki na dakika 9 hivi, hatua ya 20 dakika 6, hatua ya 30 dakika 3. Akikuta amezidisha, hatua tatu zinazofuata acheze zile salama zinazojulikana (ngome kwenye njia wazi, h3 kumpa mfalme pumzi) mpaka arudi kwenye kituo. Na kusiwe na hatua moja inayokula zaidi ya dakika 2. Kafara ambayo haijaeleweka kwa dakika 2 haitaeleweka kwa 4. Atarudia mistari ile ile tu kichwani.


AskofuWaZiwa

Mimi napingana na mwanzisha uzi kwenye jambo moja. Kijana ni mshambuliaji, sasa London ya nini? Hiyo ni ya watu wa kusubiri. Mpeni gambiti (ufunguzi wa kutoa askari ili kushambulia) za e4: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.d4 exd4 4.Bc4, mashambulizi tangu hatua ya nne. Mtu apewe mchezo unaofanana na damu yake.


Ngome_Igoma

Mkuu AskofuWaZiwa, nimekuelewa na hoja yako ina uzito, lakini kwa mtu huyu sikubali. Ukimpa gambiti utamwongezea kitu alichonacho tayari. Atashinda zaidi dhidi ya wa 1300 kwa mwezi mmoja, halafu atakutana na wa 1600 wanaomjibu 4...Nf6 kwa utulivu, naye atarudi pale pale, kwa sababu kungoja bado hajui. London inamlazimisha akae na kete zinazotazamana bila kula, na hicho ndicho anachokosa. Wala si ufunguzi wa kulala. Nimeonyesha juu njia ya h inavyofunguka. Akifika anapoweza kuacha maaskofu wakitazamana hatua tano bila kuwashwa, hapo nami nitakuwa wa kwanza kumpa hiyo gambiti.

Kuna kipimo kidogo cha lini ale na lini asile, kwenye London hiyo hiyo. Nyeusi akishacheza c5, kijana anakula dxc5 kila mara. Aangalie kwanza askofu wa nyeusi yuko wapi. Akiwa bado f8, kula c5 ni kumpa zawadi, maana Bxc5 inamtoa nyumbani kwa hatua moja. Akiwa ameshasogea d6, kula c5 kunamfanya asogee mara ya pili. Hata hapo si lazima kula, lakini angalau huna hasara ya muda. Swali ni moja kwa kila kete inayolika: nikila, kete gani ya mpinzani inakuwa bora kuliko ilivyokuwa? Jibu likiwepo, asile mpaka aone kitu kinachozidi hiyo hasara.


BintiCapriPoint

Kaka zangu, mmezungumza ufunguzi na katikati, mwisho mmeuacha. Kwa mtu aliyetoka drafti mwisho ndio wenye faida ya haraka kuliko vyote, maana kete zikiwa chache hesabu inarudi kuwa ile ya kulazimisha anayoiweza. Nimesoma hapo juu kwamba anaanguka kuanzia hatua ya 30. Saa ni sababu, lakini nina hakika na maarifa hayapo.

Aanze na mfalme na askari mmoja. Mfalme mweupe e5, askari e4, mfalme mweusi e7. Zamu ikiwa ya nyeusi, nyeupe anashinda. Zamu ikiwa ya nyeupe, ni sare. Tofauti yote ni nani anayelazimika kusogea wafalme wakitazamana. Mfalme akishafika e6 na askari wake yuko nyuma e5, mweusi e8, nyeupe anashinda hata zamu iwe ya nani. Kwa hiyo kanuni ya vitendo: mfalme atangulie, askari afuate. Wengi mtandaoni wanasukuma askari kwanza, na ushindi unageuka sare.

Pili, mraba. Askari mweupe yuko h4 anakimbilia h8. Chora mraba wenye kona h4, h8, d8 na d4. Zamu ikiwa ya nyeusi na mfalme wake anaweza kuingia ndani ya mraba huo, anamkamata. Asipoweza, hamkamati. Hii inaokoa dakika nzima ya kuhesabu hatua moja moja.

Tatu ni ngome, na hapa naomba atulie, kwa kuwa michezo mingi huishia kwenye ngome. Anayetetea dhidi ya ngome na askari: mfalme wake akae mbele ya askari, tuseme e8, ngome yake ikae safu ya 6, mfano a6, wakati askari yuko e5. Asogeze ngome kushoto kulia kwenye safu hiyo tu, mfalme wa adui asipite. Askari akisogea e6, ngome ishuke a1 mara moja na kuanza kutoa cheki kutoka nyuma. Mfalme wa adui hana tena pa kujificha kwa sababu e6 imekaliwa na askari wake mwenyewe. Kosa la kawaida ni kushuka mapema, askari akiwa bado e5: mfalme anaingia e6, anapata kivuli, na utetezi umevunjika. Huu ndio utetezi wa Philidor.

Anayeshambulia naye ajue nafasi iitwayo Lucena. Mfalme d8, askari d7, ngome f1, adui mfalme g7 na ngome c2. Nyeupe anacheza 1.Rf4, hatua inayoonekana haina maana mpaka uone mwisho wake: 1...Rc1 2.Ke7 Re1+ 3.Kd6 Rd1+ 4.Ke6 Re1+ 5.Kd5 Rd1+ 6.Rd4, ngome imekuwa daraja, cheki zimekwisha, askari anakuwa malkia. Hizi ni hatua za kulazimishana mwanzo mwisho. Kijana wa drafti atazipenda.

Lichess ina sehemu ya mazoezi yenye masomo haya bure.


Kamanga_Busisi

Nyongeza fupi ya simu, kwa sababu wengi wetu tunachezea humo. Kwenye mipangilio achague kugusa kete kisha kugusa mraba, badala ya kuiburuta. Kidole kikiburuta kwenye kioo kidogo kinaachia mraba wa jirani. Hatua za kupanga mapema kabla mpinzani hajacheza azizime kabisa kwenye michezo ya dakika 10. Kwa mtu anayedhani mpinzani lazima ale, hatua hizo ni sumu: umepanga hatua ukidhani atakula, mwenzako hakula, amesogeza kitu kingine, na hatua yako inajicheza yenyewe ikiwa halali.

Mtandao ukikatika saa inaendelea, na usiporudi mpinzani anaweza kudai ushindi. Kwa hiyo aliye kwenye kivuko au safarini kuelekea Ukerewe asianzishe mchezo wa dakika. Kuna michezo ya siku kadhaa kwa hatua moja, hiyo ndiyo ya safarini, na ni mizuri sana kwa ugonjwa wa haraka. Mafumbo nayo yanachezeka bila intaneti ukishayapakua kwenye programu.


Igombe_Mpya

Wakuu nashukuru sana kwa uzi huu, mimi niko hali kama ya kijana. Naomba mtuambie kwa wiki afanye nini, masaa yasizidi sita maana kuna kazi. Na kompyuta ya uchambuzi aitumieje?


Ngome_Igoma

Masaa sita yanatosha. Matatu yawe ya kucheza, michezo minne mitano ya 15 na 10, isizidi miwili kwa siku, na akifungwa miwili mfululizo afunge simu. Saa moja na nusu ya kupitia michezo hiyo. Saa moja ya mwisho wa mchezo kama dada BintiCapriPoint alivyoeleza, nafasi moja kwa wiki mpaka aicheze bila kufikiri. Nusu saa iliyobaki mafumbo, na achague yale ya kutetea. Ya kushambulia anayaweza.

Kuhusu kompyuta: asifungue Stockfish, programu ya uchambuzi, kwanza. Apitie mchezo mwenyewe dakika 15, aandike pale alipohisi umegeuka. Ndipo aiwashe na kutazama ni wapi tathmini iliruka kwa zaidi ya 1.5 (yaani askari mmoja na nusu) upande mmoja. Tofauti ya 0.3 au 0.4 asijisumbue nayo kwa kiwango hiki. Kwa kila mruko aandike sababu kwa neno moja kati ya manne: nilikula, nilidhani atakula, sikuona ya nyuma, saa. Michezo 20 ikifika ahesabu lipi limezidi, na wiki mbili zinazofuata ashughulike na hilo pekee.


AskofuWaZiwa

Nimekubali hoja ya subira. Swali la mwisho basi, mkuu. Kwenye ile London, nyeusi asipokula g3? Wengi wanajificha tu na kusubiri nao. Mshambuliaji afanye nini?


Ngome_Igoma

Swali zuri. 7.Bg3 O-O 8.Bd3 b6 9.Ne5, farasi anakaa katikati akilindwa na askari wa d4 na askofu wa g3. Kinachofuata ni f4 kumkaza pale pale, kisha Qf3 na mashambulizi. Nyeusi akingoja mpaka f4 ichezwe ndipo ale Bxe5, jibu ni fxe5, na farasi wa f6 anafukuzwa kwenye ulinzi wa h7.

Halafu tazama 9...Nxe5. Nyeusi ameona kete inalika, amekula. 10.dxe5, na askari mmoja anamshika askofu wa d6 na farasi wa f6 kwa mpigo. Akijaribu 10...c4 kumgusa askofu wa d3, nyeupe asile kitu kwa pupa hapo. 11.Bc2 kwa utulivu, na nyeusi bado anapoteza kete moja kati ya zile mbili.